Utrasaundi kando ya kitanda: ufunguo, maswali machache na jibu la "sijaona"

Kabla ya kumfundisha mtu yeyote kushika probu, kile kichwa cha mashine ya utrasaundi kinachopitishwa juu ya ngozi, uliza ufunguo unalala kwa nani. Hospitali nyingi za wilaya zikipokea mashine ndogo ya utrasaundi huiandika kwenye leja, huibandika namba ya mali, kisha huifungia kabatini kwa matroni au stoo ya vifaa. Saa tisa na nusu alasiri ofisi inafungwa na ufunguo unakwenda nyumbani. Saa nane usiku analetwa mama mwenye mimba changa, tumbo linamkata, mapigo ya moyo 130, presha 80 kwa 50, na mashine iko nyuma ya kufuli, hatua ishirini tu kutoka kitandani. Hakuna kozi inayotibu tatizo hilo. Dawa yake ni karatasi moja yenye saini ya mganga mfawidhi: mashine inakaa chumba cha dharura au wodi ya wazazi, inakabidhiwa zamu kwa zamu kama mitungi ya oksijeni inavyokabidhiwa, na anayeipokea anaandika jina lake. Hofu ya kuibiwa ni ya kweli, hasa kwa zile mashine za mkononi zinazochomekwa kwenye simu au tableti. Lakini mnyororo mwembamba uliofungwa kwenye toroli unailinda mashine bila kumnyima mgonjwa.

Hilo likishakaa sawa ndipo tuongee habari za mafunzo, na hapo swali la kwanza ni: mafunzo ya kupima nini? Mtaalamu wa mionzi huchunguza kiungo kizima na kuandika ripoti. Anayepima kando ya kitanda anajibu swali moja, tena lile ambalo jibu lake litabadilisha atakachofanya ndani ya saa hiyohiyo. Je, kuna maji au damu iliyomwagika tumboni? Je, mimba iko ndani ya kizazi? Je, kuna maji kwenye mfuko wa moyo? Maswali hayo yasichaguliwe kwa kunakili mtaala wa nchi nyingine. Chukua rejista za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) na kitabu cha chumba cha dharura, hesabu miezi mitatu iliyopita. Hospitali iliyo kando ya barabara kuu, inayopokea majeruhi wa bodaboda kila Jumamosi, ianze na kutafuta damu tumboni na kifuani. Yenye kliniki kubwa ya VVU ianze na kutafuta TB iliyojificha nje ya mapafu. Yenye kina mama wengi ianze na mimba. Anza na mambo matatu. Kozi za siku tano zinazopita kwenye nyongo, figo, tezi ya shingo, mishipa ya miguu na moyo huzalisha watu waliogusa kila kitu na wasioweza kusimamia hata kimoja wakiwa peke yao usiku.

Kwamba maswali machache yanatosha kuleta mabadiliko, kuna ushahidi wa karibu. Huduma hii ilipoanzishwa mwaka 2008 katika hospitali mbili za vijijini mashariki mwa Rwanda, baada ya madaktari kufundishwa kwa wiki tisa, vipimo 345 vya mwanzo vilifuatiliwa. Vya wajawazito ndivyo vilivyoongoza kwa wingi, na katika asilimia 43 ya wagonjwa mpango wa matibabu ulibadilika. Wiki tisa hizo zina maana. Mafunzo hayakuisha siku cheti kilipotolewa.

Kuchagua watu nako kuna mtego wake. Barua ya mwaliko ikifika, hospitali hupenda kumtuma daktari aliye kwenye mwaka wa mafunzo kwa vitendo, kwa sababu ni kijana na haogopi kompyuta. Miezi kumi na miwili ikiisha anaondoka, na ujuzi unaondoka naye. Tabibu aliyekwishajenga pale, mkunga ambaye watoto wake wanasoma shule ya jirani, hao ndio wanaobaki. Watume angalau wawili wasio zamu moja, ili usiku mmoja katika kila miwili kuwe na mkono unaojua. Na mtaalamu wa mionzi aitwe kabla mwaliko wa kwanza haujatoka. Akisikia habari korido kwamba wauguzi wanapewa mashine, atasusa, na ana haki ya kuumia. Akiombwa awe mkaguzi wa picha, na ikaandikwa wazi ni vipimo gani vinafanyika wodini na vipi vinapelekwa kwake, anakuwa nguzo ya kazi nzima.

Mashine moja kwa watu watatu. Wanne ndio mwisho. Watu ishirini kwa mashine moja maana yake ni kwamba kumi na saba wanaangalia mgongo wa mwenzao. Ukilazimika kupokea wengi, wagawe zamu ya asubuhi na ya mchana, au mwambie mfadhili ukweli.

Fizikia ifundishwe saa moja, isizidi. Mtu anahitaji kujua kwamba sauti hupita vizuri kwenye maji, hugonga mwamba kwenye mfupa, hupotea kwenye hewa. Kwamba probu pana iliyopinda, ya megahezi 2 hadi 5, inaona mbali ila bila undani, na ile bapa ya megahezi 7 hadi 12 inaona karibu kwa ukali. Vitufe ni viwili tu mwanzoni: kina, na geini, yaani mwanga wa picha. Kina kikizidi, figo inakuwa kama punje ya haragwe juu ya skrini na nusu ya chini ni giza lisilo na kazi. Geini ikizidi, damu ambayo ilipaswa kuwa nyeusi inageuka kijivu na mtu anapita juu yake bila kuiona. Hili la geini lina kisa cha kuchekesha: chumba chenye dirisha kubwa na jua la saa tano kinamfanya mtu apandishe mwanga wa picha bila kujua kwamba tatizo ni dirisha. Tundika shuka au kanga dirishani kwanza, halafu ndipo uguse kitufe.

Kisha mkono. Kosa la wanaoanza ni lilelile kila mahali: wanashika probu kama kipaza sauti, mkono unaning'inia hewani, na wanafanya miondoko miwili kwa pamoja. Probu ishikwe karibu na uso wake, kidole kidogo na ukingo wa kiganja vikiwa vimelala juu ya ngozi ya mgonjwa. Halafu mwendo mmoja kwa wakati: kuiteleza, kuipepea (kuiinamisha huku na huku bila kuihamisha), kuizungusha, kuitikisa. Picha ikipotea, rudi ulikotoka kwa mwendo uleule. Tunashauri kila mtu apime watu wazima ishirini wenye afya kabla ya kuonyeshwa ugonjwa wowote, na wa kwanza wawe wenzake wa darasani. Anayelala awe amekunywa nusu lita ya maji saa nzima kabla, ili kibofu kionekane. Asiyejua sura ya afya hawezi kulitambua badiliko.

Tuchukue mfano mmoja kwa ukaribu: upande wa kulia, kati ya ini na figo. Probu iliyopinda inawekwa kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya kwapa, usawa wa mbavu ya 8 hadi ya 11, alama ya pembeni ikielekea kichwani. Kivuli cha ubavu kikikata picha, izungushe kidogo ili ilale sambamba na nafasi kati ya mbavu. Unataka vitu vitatu vionekane: kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, ini, na figo. Wengi wakiona mstari kati ya ini na figo ni mweupe na safi, wanasema hakuna kitu na wanaondoa mkono. Wamewahi mno. Damu kidogo huanza kukusanyika kwenye ncha ya chini ya ini, kwa hiyo teremsha probu mpaka ncha hiyo ionekane, kisha pepea kutoka mbele hadi nyuma polepole. Damu inahitaji kufika mililita mia kadhaa ndipo ionekane kwa uhakika, na ndiyo maana kipimo kilichokuwa safi hurudiwa baada ya dakika 30 au hali ikibadilika. Upande wa kushoto bandama iko juu zaidi na nyuma zaidi: vifundo vya vidole vyako viguse shuka la kitanda, la sivyo utaona gesi tu. Huko damu hupenda kukaa juu ya bandama, chini ya kiwambo, na anayetazama kati ya bandama na figo pekee ataikosa. Kwenye nyonga, pima kabla ya kuweka katheta, yaani mpira wa mkojo. Mpira ukishamwaga mkojo wote, dirisha limefungwa.

Hapa ndipo lilipo jambo tunalolishikilia kuliko yote. Fomu ya kujazia iwe na majibu matatu, yasiwe mawili: ipo, haipo, sijaona vizuri. Fomu yenye "ndiyo" na "hapana" peke yake inamfundisha mtu kudanganya bila nia mbaya. Mgonjwa ni mnene, tumbo limejaa gesi, taa inayumba, figo haikuonekana kabisa. Anayepima anatazama visanduku viwili, na kwa kuwa hakuona damu anaweka alama kwenye "hapana". Daktari wa zamu inayofuata anasoma "hapana" na kumrudisha mgonjwa wodini. Kutoona na kutokuwepo ni vitu viwili, na vinatenganishwa na kisanduku kimoja cha ziada. Mwezi wa kwanza, anayejifunza ambaye hajawahi kuweka alama kwenye kisanduku cha tatu ndiye wa kukaliwa karibu.

Upande wa pili, kuona maji hakukuambii ni maji gani. Damu, usaha na maji ya ugonjwa wa ini vyote vinaweza kuwa vyeusi kwenye skrini. Kanda ya Ziwa, ambako kichocho cha tumbo kimeharibu maini ya watu wengi, kijana aliyeanguka kwenye pikipiki anaweza kuwa na maji tumboni aliyokuja nayo ajalini. Ini lenye makovu na bandama kubwa vikukumbushe kuuliza historia. Mafuta yanayozunguka figo, tumbo lililojaa chai, mfuko wa nyongo na mshipa mkuu wa damu, vyote vimewahi kuitwa damu na mtu mwenye haraka. Damu iliyomwagika huwa na kona kali, inajipenyeza. Kilicho ndani ya kuta zake huwa na umbo la mviringo. Mbele ya moyo, ukitazama kutoka chini ya chembe cha moyo, kuna tabaka la mafuta linalofanana na maji. Maji ya kweli huonekana pia upande wa nyuma wa moyo.

Kwa mimba changa, swali lisiwe "mimba ya nje iko wapi?" Hata wazoefu hawaioni mara nyingi kwa probu ya juu ya tumbo. Swali ni kama kuna mimba ndani ya kizazi, na ushahidi wake ni kifuko cha mimba chenye kifuko cha kiini ndani yake, au kijusi. Kifuko kitupu hakitoshi; mimba ya nje huweza kuufanya ukuta wa kizazi utoe tundu la maji linalofanana nacho. Kipimo cha mimba kikiwa chanya, kizazi kikawa kitupu, na kukawa na maji kando ya ini, simu inapigwa chumba cha upasuaji wakati probu ingali mkononi. Probu ya kuingiza ukeni usianze nayo kama hospitali haina njia ya uhakika ya kuitakasa kwa kiwango cha juu.

Kwa mimba iliyokua, maswali ni manne: watoto wangapi, moyo unapiga, kichwa kiko wapi, kondo la nyuma liko karibu na mlango wa kizazi au la. Mapigo yapimwe kwa M-modi, njia inayochora mwendo wa moyo kama mawimbi. Dopla, njia ya kupima mtiririko wa damu, isielekezwe kwenye kijusi kichanga bila sababu. Umri wa mimba ndiko fujo kubwa iliko. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kila mjamzito apate kipimo kimoja kabla ya wiki 24, na sababu kubwa ni tarehe. Urefu wa kijusi hadi milimita 84 unatoa umri kwa kukosea kama wiki moja. Baada ya wiki 28 kosa linafika wiki tatu mbele au nyuma. Kwa hiyo kipimo cha mwanzo kikishatoa tarehe ya kujifungua, hicho ndicho kinabaki hadi mwisho. Mama akija na karatasi tatu zenye tarehe tatu, mkunga asichague iliyo juu ya nyingine, achague ya zamani kuliko zote. Jinsia ya mtoto isiwe kwenye fomu. Itaulizwa, na itakula muda wa wagonjwa wengine. Na mama aambiwe kwa lugha yake: "Mama, leo tumeangalia mambo haya manne tu. Hatujachunguza viungo vyote vya mtoto." Bila maneno hayo, ataondoka akiamini kila kitu kimekaguliwa.

TB ya nje ya mapafu kwa mtu mwenye VVU inafundishika haraka kuliko wengi wanavyodhani: maji kwenye mfuko wa moyo, maji kifuani, maji tumboni, tezi za tumboni zilizozidi sentimita 1.5, na vidoa vyeusi vidogo ndani ya bandama. Kinachosumbua ni vidoa, vinavyoonekana vizuri kwa probu bapa pale bandama inapokuwa karibu na ngozi.

Sasa vitu vinavyoua mashine. Kwenye wodi zetu dawa iliyozoeleka ni klorini ya asilimia 0.5, na mtu mwangalifu, mwenye nia njema kabisa, huitumbukiza probu kwenye ndoo pamoja na mikasi. Utando wa mbele unaanza kupasuka. Spiriti nayo, ikitumika kila siku, huukausha utando wa probu nyingi. Futa jeli yote kwanza, tumia kitambaa laini chenye maji na sabuni laini, kausha, kisha dawa iliyotajwa kwenye kitabu cha mashine hiyohiyo. Waya usiguse sakafu, maana gurudumu la toroli ni adui yake mkubwa. Probu ikidondoka, picha inaweza kuonyesha mstari mweusi ulionyooka kutoka juu kwenda chini: baadhi ya vipande vinavyotoa sauti vimekufa. Kila Jumatatu, bila jeli, pitisha polepole kibanio cha karatasi kilichonyooshwa juu ya uso wa probu, kutoka ncha hadi ncha. Kila kinapogusa, mwale unatokea kwenye skrini. Usipotokea mahali fulani, hapo pamekufa, na mhandisi wa vifaa tiba ajulishwe kabla kivuli hicho hakijaitwa jiwe.

Mashine za mkononi zina ugonjwa wao: hupata joto. Chumba chenye nyuzi 33, ukipima mfululizo, hujizima na kusubiri ipoe. Gandisha picha unapoongea na mgonjwa. Kabla ya kununua uliza kama programu yake inalipiwa kila mwaka, na kama inadai intaneti ili ifunguke, kwa sababu malipo yakikatika kilichobaki mkononi ni kipande cha plastiki.

Jeli huisha wiki ya pili. Kipimo kimoja hula mililita 10 hadi 15, kwa hiyo chupa ya mililita 250 haizidi vipimo 25. Wanga wa mahindi, kipimo kimoja kwa vipimo kumi vya maji, ukikorogwa motoni dakika 3 hadi 5 mpaka uwe mzito, ukapozwa vizuri, hutoa picha inayotosha kwa maswali haya. Upikwe wa siku hiyo, kwa sababu unachacha, na usitumike kwenye vidonda wala kuongozea sindano. Chupa ya jeli, ya dukani au ya kupika, isijaziwe juu ya masalia. Ioshwe na ikauke kabisa kwanza. Bakteria hustawi humo.

Kozi ikiisha, wiki sita zinazofuata ndizo zinazoamua. Madaktari wa dharura wa Marekani hutumia kigezo cha vipimo 25 hadi 50 vilivyokaguliwa kwa kila aina, na hakuna sababu ya mkunga wa wilayani kupewa pungufu. Kila kipimo kiandikwe: namba ya mgonjwa, swali, jibu kati ya yale matatu, mpango ulibadilika au la, na mwisho ilikuwaje, yaani upasuaji ulikuta nini. Safu hiyo ya mwisho huachwa wazi na watu wengi, na ndiyo inayofundisha kuliko zote. Klipu za sekunde 5, zisizo na jina la mgonjwa, zitumwe kwa mkaguzi. Zikitumwa WhatsApp kama video za kawaida zinabanwa na undani unapotea. Zitumwe kama faili. Mkaguzi ajibu ndani ya siku mbili. Akikaa wiki nzima, klipu zinakoma kuja, na zikikoma ujue mashine nayo imeanza kulala. Wiki ya nne hadi ya sita mkufunzi arudi kwa miguu yake, akae zamu ya usiku.

Na jibu likipatikana, liende wapi? Utafiti mkubwa uliofanyika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya, Zambia, Pakistani na Guatemala, uliotoka mwaka 2018, uliwapa wakunga na matabibu mafunzo ya kupima wajawazito. Walijifunza vizuri. Hata hivyo vifo vya kina mama na watoto havikupungua. Kwetu sisi maana yake ni kwamba siku ya kupanga kozi, ndiyo siku ya kupanga damu, gari la wagonjwa na namba ya simu ya daktari wa upasuaji. Namba hiyo ibandikwe kwenye mashine yenyewe.

Mtihani wa mwisho tunaupanga hivi: wagonjwa watano walioridhia, wodini, kila mmoja dakika kumi. Wawili wazima, mmoja mwenye maji tumboni, mmoja mjamzito. Wa tano ni mtu aliyejaa gesi, ambaye hata mkufunzi hakuipata figo yake ya kushoto. Anayeandika "haipo" kwa mgonjwa huyo anarudi kwenye daftari kwa vipimo kumi zaidi. Anayeandika "sijaona vizuri", akamgeuza ubavu, akajaribu tena, akaandika tena "sijaona vizuri" na muda wa kurudia kipimo, anapewa saini.